Pikipiki ya Siku Kumi na Moja

Mwaka jana niliiendesha siku kumi na moja.
Nimezihesabu kwenye kalenda ya duka la rangi:
kumi na moja zenye duara jekundu,
na zilizobaki ni theluji, au mvua,
au mimi chali sakafuni, tochi mdomoni,
nikitafuta inakovujia.

Eivind husema,
"Ungefuga ng'ombe, Halldis, tungepata maziwa."
Simjibu. Nasugua mikono kwa sabuni ya mchanga
na weusi unabaki kwenye mistari ya viganja.
Wagonjwa huutazama nikiwapima presha.

Walitengeneza mia mbili na kumi tu,
kule Italia, chini ya milima, mwaka niliomaliza shule,
kisha kiwanda kikafunga milango
na mafundi wakaenda kuunda mashine za kukamulia zabibu.
Yangu ni ya mia na tisini na nne.
Rangi yake kijani cha nyanya mbichi.
Tangi lina kibonyeo ubavuni, la mwenye kwanza,
sikulinyoosha.

Ina tabia zake.
Haipendi kuamshwa mbio mbio.
Fungua petroli, subiri
kiasi cha kulitaja jina la mama yako na la bibi yako,
ndipo upige teke.
Ikikataa, usirudie kwa hasira:
nayo hupiga.
Kovu liko hapa, kwenye ugoko.

Na vali! Kila kilomita elfu tatu zinataka kupimwa.
Nafasi ya chuma na chuma haifiki unene wa ukucha,
na aliyeichora akaificha nyuma ya fremu
kana kwamba hakuwahi kuwa na vidole.
Ubapa wa kupimia ukipita mtelezo, umekosea.
Ukigoma, umekosea.
Upite kwa kusitasita,
kama kisu kwenye siagi iliyotoka dirishani Machi.
Hilo halimo kitabuni. Aliniandikia Bordignon.

Evaristo Bordignon, aliyefunga injini kiwandani miaka tisa
na siku ya mwisho akaondoka na vipuri
ndani ya mikebe ya biskuti.
Mimi na kamusi yangu, yeye na michoro yake ya penseli,
barua ishirini na saba, hatukuonana.
Aliijua injini yangu
kuliko mimi ninavyolijua ini langu.
Nilipenda boga; ua lake nalilipia kwa kroni,
na stempu.

Februari kikaja kifurushi.
Mwandiko haukuwa wake.
Binti yake, Nives, mistari mitatu:
baba alikuwa ameshaandika jina kwenye mkebe.
ALDIS, bila ile herufi ambayo ulimi wao huiruka.
Ndani, gasketi mbili za kichwa cha injini
kwenye karatasi ya nta.
Za mwisho.

Nilizishika chini ya taa.
Nje saa tisa alasiri ilikuwa imeshakuwa usiku.
Ile ya zamani ilikuwa inatokwa jasho jeusi,
injini iko wazi mezani, mpya ziko mkononi,
nami nikazirudisha kwenye nta.

Sikuzitumia. Sijui kueleza.
Kwa kichwa cha injini niliichemsha ile ya zamani kwa moto wa gesi,
shaba ikalegea, ikakubali tena;
na kwa mfuniko wa vali nilichukua boksi la viatu vya Eivind,
mchoro wa mzee, mkasi wa kucha.
Jioni nne. Matundu kumi na mawili,
la saba nililikata mara mbili.

Mei, barabara ikakauka.
Teke la kwanza kimya, la pili kimya,
nikataja mama, nikataja bibi,
nikamtaja na Evaristo,
majirani wakafungua madirisha,
si kwa furaha wote.

Kwenye foleni ya feri kijana mwenye kofia akauliza
inakimbia kiasi gani.
Sikumsikia vizuri.
Chini ya injini palikuwa na tone,
moja, jeusi, likitanuka kwenye lami.
Nikapiga magoti mbele ya magari yote,
nikapitisha kidole ukingoni mwa kadibodi, kona kwa kona.
Kikavu.

Lilitoka kwingine.
Feri ikapiga honi. Bado nilikuwa pale chini,
nikicheka, nikitafuta kwingine wapi.