Maziwa Hayakuambiwa

Daktari alitaka umri, nikampa.
Akauliza nimezaa mara ngapi. Tatu, nikasema,
wa mwisho alidondokea kwenye majani ya mgomba
mkunga akiwa bado anatafuta buti zake.
Akaandika. Presha, sukari, kundi la damu.
Mume anajua?
Yuko nje, nikasema, analinda miavuli.

Gwantwa na mimi ni wa tumbo moja,
kwa hiyo neno lenyewe halikuwa geni kwetu.
La kwake walilitoa Mbeya, usiku wa damu,
pamoja na mtoto ambaye hakulia.
Miaka minne hakupita barabara ya kliniki
siku ya kupima watoto.

Wala hakuniomba.
Alikuja kunisaidia kuchimba viazi, akabaki,
akasugua sufuria moja hiyo hiyo
mpaka ikang'aa kama ya dukani.
Nikamwambia: Sema.

Ambakisye alikaa siku tisa bila jibu.
Ya kumi, akinoa panga, hakuinua macho:
"Mwili ni wako. Ila kitanda ni chetu.
Sindano nitajifunza mimi."

Juni hiyo ukungu uliingia mpaka jikoni.
Saa mbili usiku, dawa ya mafuta imekuwa nzito,
naipasha kwapani kama yai.
Mwanaume wa kuangusha migomba, anatetemeka.
"Nahesabu mpaka tatu," anasema,
na tatu hafiki.
Wiki kumi. Matako yangu yakawa na vinundu
kama viazi vya mbegu.

Kwenye mizani ya chai walinitania:
Subilaga, la nne hilo, mnaunda timu?
Si langu, nikasema. Wakacheka.
Nikasema tena.
Karani aliandika kilo zangu bila kunitazama.
Mama mkwe akauliza huyo ni wa ukoo gani,
akaacha kula ugali wangu hadi Septemba.

Syabumi, kitinda mimba wangu, akabandika sikio kitovuni:
"Huyu atalala wapi?"
Kwa mama mkubwa.
"Basi mbona anakula kwetu?"

Niliufundisha ulimi.
Mtoto wa Gwantwa kapiga teke.
Mtoto wa Gwantwa hataki dagaa.
Mara moja tu uliteleza, nikasema mwanangu,
chooni, peke yangu, mvua ikipiga bati.
Mvua ya Tukuyu husikia mengi
na hairudii hata moja.

Akaja Machi, alfajiri.
Gwantwa alishika goti langu la kushoto
kama mtu anayezuia mlango na upepo.
Muuguzi akauliza, "Nimpe nani?"
na chumba kizima kikaningoja mimi.
Nilinyoosha kidole.
Mtoto alikuwa kilo tatu na robo.
Kidole hakikupimwa.

Siku ya tatu maziwa yakashuka.
Hayakuwa yameambiwa.
Nikafunga majani ya kabichi, mabichi, ya baridi,
chini ya sweta,
nikalala nikinuka bustani.

Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu.
Ukiletewa maharage unarudishia ndizi,
ukikosa ndizi, hata chumvi.
Mimi nilirudi tupu, na njia nzima
nilikuwa natembea kama niliyebeba,
mkono nyuma ya kiuno.
Hili daktari hakuliuliza.
Angeliuliza, sijui kama ningejua kujibu.

Jana Gwantwa kaja, kichanga mgongoni,
shingo yenyewe bado haijamjua mwenyewe.
Akageuka ili anione:
"Haya, mwamkie mama mdogo."

Mdogo! Mimi,
niliyekuwa nikipita mlango wa jikoni kiubavu.
Nilicheka hadi nikashika ukuta,
na kifua kikalowa tena, upande mmoja.
Nikawaachia chai mezani,
nikatoka shambani kutafuta kabichi.