Upande wa Gundi

Daftari lenyewe ni la fundi cherehani.
Kurasa za kushoto, vipimo vya watu:
kifua, kiuno, urefu wa mkono,
na pembeni, kwa penseli, deni la suruali.
Kurasa za kulia, vipande vya magazeti.

Theluji ilikuwa imefunga barabara za Kozani
siku tulipogawana vitu vyake.
Domna, dada yangu, alifunua, akacheka:
"Tupa. Mzee alikuwa akikusanya hali ya hewa."
Na kweli. Mawingu. Mvua ya mawe Ptolemaida.
Bei ya zafarani kwa dirhamu.
Tangazo la kofia ya kike yenye unyoya wa kwale.
Sungura aliyezaliwa na masikio matatu.
Yote ya arobaini na saba, arobaini na nane,
wakati milima ya Gramosi ikiungua,
na baba yangu, mkasi wa makoti mkononi,
akikata mawingu.

Nilimwonea haya, sifichi.
Kwa jirani wa kulia ukutani kulikuwa na kijana
mwenye ndevu na mshipi wa risasi.
Kwa jirani wa kushoto, kijana mwenye sare ya serikali.
Wajane wawili, bomba moja la maji,
kila mmoja akingoja mwenziwe aondoke na ndoo yake.
Kila nyumba ilikuwa na maiti wake wa kujivunia.
Sisi tulikuwa na utabiri wa Jumanne.

Sikulitupa. Nililiweka jikoni, karibu na birika,
chai ya mlimani ikichemka, nikasahau.
Mvuke ukainua pembe ya wingu moja.
Chini yake herufi, zimetazama ndani:

*Mimi niliyetia sahihi hapa chini,
Stergios, mwana wa Lazaros, mchonga vinu,
kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mtu...*

Nikajaza birika tena.
Chini ya kofia: *Mimi niliyetia sahihi hapa chini.*
Chini ya zafarani, mwalimu, naye kwa hiari yake.
Chini ya sungura, vijana watatu wa baba mmoja
wanawakana wenzao, wanakana msitu,
wanakana kila walichokiapia, kwa maneno yaleyale,
hata koma zilikaa mahali palepale.
Thelathini na wawili hadi alfajiri.
Madirisha yalitoa jasho.

Ndipo nikatazama kushoto.
Stergios, kifua tisini na mbili, bega la kushoto limeshuka.
Mwalimu, kiuno sitini na nane. Sitini na nane!
Walirudi kutoka visiwani bila nyama mwilini,
upande mmoja ukiwaita wasaliti, wa pili ukiwaita walewale tu,
hakuna kinyozi, hakuna muuza mikate aliyewaitikia salamu,
na mtu mmoja akawagusa,
utepe shingoni, chaki sikioni,
akawashonea koti.
Deni halikufutwa. Wala hakulidai.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa;
nguo hizo alizishona baba.

Ukurasa wa mwisho uligoma.
Gundi ilikuwa nene kama uji,
kana kwamba alipaka, akalala, akaamka, akapaka tena.
Nilisubiri. Nilivuta polepole. Ukachanika.

*Mimi niliyetia sahihi hapa chini,
Prodromos, mwana wa Thomas, fundi nguo,
ndugu yangu Argiris aliye milimani
namk*

Basi. Kilichobaki kilikwenda na gundi.

Domna, kwenye simu, alinyamaza muda mrefu.
"Namkana," akasema. "Zote ni namkana. Unataka iwe nini?"
Najua. Gazeti halikuwa likichapa namkumbuka.

Lakini kushoto, kwa penseli iliyochongwa vizuri:
*Argiris. Mkono wa kulia, sitini na tatu.
Wa kushoto, sitini na mbili na nusu.
Kiuno: akirudi.*