Gobore la Shoto

Magunia mawili ya pamba, na mbuzi jike
aliyekuwa bado ananyonyesha
(Driciru hajanisamehe),
na kibali chenye muhuri wa bomani:
ndivyo nilivyolipata, Arua, mwaka uliofuata ule wa nzige,
gobore la mtutu mmoja, refu kunizidi,
kitako kimezungushiwa waya wa shaba
pale kilipowahi kupasuka mikononi mwa mtu nisiyemjua.

Mwenye duka alinitazama nikilipakata begani.
"Wewe shoto?"
Nikasema ndiyo.
Akacheka mpaka akaweka mizani chini.
Mtambo uko upande wa kulia, akasema,
fataki itakutemea moto usoni.
Lakini hakupunguza hata senti.

Nimezoea. Utotoni mama aliufunga mkono huu kwa kamba
ili ule mwingine ujifunze kazi.
Mkono wa kulia, alisema, ndio wa kulia.
Siku tatu nililia, wala sikula.

Nyasi zilikuwa bado mbichi bondeni mwa Enyau,
wiki tatu, labda nne, kabla ya moto.
Wenzangu walishona nyavu zao
na kutaja tohe kana kwamba wameshachunwa.
Mimi nilikuwa na baruti ya kushindilia mara tisa.

Nikasimamisha nusu kibuyu juu ya kichuguu,
nikakipaka majivu, nikahesabu hatua arobaini.
Baruti. Kitambaa. Goroli ya risasi.
Mdeki: sukuma, sukuma,
mpaka uruke wenyewe mkononi.

Ya kwanza sikuona ilikokwenda. Nilifumba macho,
na nyusi zangu zikanuka kama kuku wa kubabuliwa.
Ya pili ikaingia kichuguuni, shubiri moja kushoto.
Ya tatu, shubiri moja kushoto.
Mchwa wakatoka kuangalia nani anabisha hodi.
Ya nne ilipolia nilikuwa nimeanza kusali.
Kushoto.

Nikaenda kwa fundi Rehan, Mnubi,
mfua majembe wa nyuma ya soko,
mwenye vidole saba asiyependa kuulizwa habari za vile vitatu.
Nikamwambia, hili linasema uongo.
Akaja mwenyewe mpaka kichuguuni,
akachutama, akapima matundu:
yote matatu yangefunikwa kwa kikombe kimoja cha kahawa.
"Mwongo hutawanya maneno," alisema.
"Hili lina neno moja. Wewe ndiye hujalisikia."

Akatoa nyundo ndogo na kipande cha pembe,
akagonga ulimi wa shabaha, ule wa mdomoni mwa mtutu,
kwenda kushoto.
"Fundi! Kushoto ndiko linakokwenda tayari!"
"Ndiyo. Ukitaka liende kulia, ulimi usogeze kushoto."
Akagonga tena, unene wa ukucha.
Sikuelewa. Hata leo naelewa nikiwa na bunduki mkononi tu,
nikiiweka chini naelewa vibaya.

Ya tano ikapasua kibuyu.

Sikupiga kelele. Nilibaki nimeketi majanini,
sikio likivuma, moshi ukining'ang'ania shati,
huku Rehan akiokota vigae kimoja kimoja
kama anayehesabu fedha za mtu mwingine.
Zilibaki baruti za mara nne. Nikazifunga ndani ya ngozi,
nikazitundika juu ya moshi wa jiko,
kisha nikakumbuka ni nini nilichokuwa nimefunga,
nikazitungua mbio.

Jioni mama aliniita nje penye mwanga.
Shavu langu la kulia lilikuwa na madoa meusi,
mengine yameshaanza kutunga maji.
Akachovya samli, akanipaka polepole,
ananung'unika kuhusu wanaume na moto,
na ndipo nilipouona mkono alioutumia.

Aliuona ukionwa. Akaufuta kwenye kanga,
akauchukua ule mwingine, akaendelea.

Nikanyamaza.
Kutoka ndani ya nyumba, Driciru aliuliza
nani kachukua kibuyu chake cha maziwa.