Maji Kidogo Katika Ulanzi

Vikuza mawimbi vinne niliviunga usiku mmoja, Mafinga,
baridi ya Julai ikiuma vidole kuliko ncha ya solda.
Bodi zile zile, koili za mizunguko minne
nilizozisokota juu ya kalamu,
transista kutoka mfuko mmoja, namba moja migongoni,
ndugu wa tumbo moja.
Nikawasha mita.
Cha kwanza: desibeli ishirini na moja.
Cha pili: kumi na saba.
Cha tatu ishirini na nne, kinatetemeka kama aliyekopa.
Cha nne sikuamini. Nikakizima, nikakiwasha tena.

Mtengenezaji mwenyewe ameandika kwenye karatasi yake,
kwa herufi ndogo, kama anayeungama:
mkuzo, kuanzia mia na kumi hadi mia mbili na tisini.
Kati ya namba hizo mbili unapitisha lori la magogo.

Nimekua nikigema ulanzi, Kibao;
nililijua hili kabla ya kuujua umeme.
Mianzi miwili, kichaka kimoja, kisu kimoja:
mmoja unajaza mbeta kabla ya jua,
wa pili unadondosha kwa kinyongo.
Hukuuliza mwanzi kwa nini. Ulisogeza mbeta.

Agosti nikavifunga kwenye antena za walinzi wa moto,
msituni Sao Hill, kimoja ofisini, viwili minarani.
Baada ya wiki akanipigia Evansia Kikoti, mnara wa tatu:
"Fundi, asubuhi naisikia ofisi mpaka wanavyokoroga chai.
Saa saba mchana imekufa."
Na moto, kila mtu Mufindi anajua,
hauji asubuhi.

Nikakirudisha mezani.
Nikaazima pasi ya mkaa ya mke wangu, nikaisogeza karibu.
Mshale wa mita ukaanza kushuka
kama kichwa cha mtu anayesinzia kanisani.
Transista ikipata joto hunywa mkondo zaidi,
ikinywa zaidi hupata joto,
mwisho imelala, na volti zote zimemwagika.

Kuna risista ya ohmu ishirini na mbili,
bei yake haifiki ya pipi.
Niliiweka mguuni pa emita,
wala sikuipa kapasita ya kuikwepa.
Volti za besi nikazigawa upya.
Sasa kila kinachokuzwa, sehemu yake hurudi
kuikanya transista: taratibu.
Kumi na tatu. Kumi na tatu. Kumi na tatu na nusu.
Nikaleta pasi. Mshale ukatikisika kidogo, ukakaa.

Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Mimi hakuna aliyenisifu.
Maji nimeyatia kwa mkono wangu,
nikijua ninachopoteza, nikikihesabu.

Oktoba, saa nane kasoro, jua limekalia misindano,
nilikuwa ofisini nikibadilisha fyuzi
sauti ya Evansia ilipoingia:
"Moshi. Ng'ambo ya mto, nyuma ya kitalu cha zamani."
Nyembamba, ina mchanga ndani yake,
lakini nzima, neno kwa neno.
Magari yakatoka. Ziliungua hekta mbili.
Hakuna aliyeuliza habari za desibeli.
Niliimalizia fyuzi yangu.

Cha nne sikukitia maji.
Kipo rafuni, kando ya kopo la skrubu,
ishirini na sita siku ya baridi;
siku ya joto, Mungu ndiye anayejua.
Alfajiri zile ambazo umande huganda juu ya bati
nakiwasha kabla nyumba haijaamka.
Kinanguruma, kinapiga mluzi,
kisha kwa dakika tatu hivi kinanishikia
sauti ya mtu wa mbali, lugha siijui,
nadhani anahesabu kitu.
Jua likigusa dirisha, anapotea
katikati ya namba.

Risista ninayo. Iko mfukoni.
Sijaiweka.