Neno la Mkalimani

Walipanda Kendu kama abiria wengine,
tiketi mkononi, daraja la tatu,
na magunia matatu ya simsim.
Ndivyo alivyoeleza De Mello, karani wa meli,
akijipangusa jasho kwa ncha ya bendeji yake.

Inspekta Haddow hakushangaa.
"Nilikuwa Hongkongu," alisema. "Huko Uchina
haramia hapandi ubavuni mwa meli.
Hukata tiketi, huketi, huomba maji ya kunywa."
Akachora stima kwa chaki juu ya meza,
akaweka kiberiti penye usukani,
vifungo vitano penye injini.
Kimoja kilikuwa cha koti langu.

Siku nne, ofisi ya gati, Kisumu,
nilikaa katikati ya ndimi.
Nahodha: bastola sita.
Jethalal, mwenye duka Asembo: thelathini na moja.
Mpiga makaa: sikuona kitu, Bwana,
nililazwa kifudifudi, nikahesabu misumari ya sakafu.
Sabini na nane. Hiyo aliijua.
Na sanduku la kodi ya vibanda?
Hilo kila mtu alisema lilikuwa zito,
hata ambao hawakuligusa.

Siku ya tano akaja Drusila Nyar Gem,
muuza omena. Harufu ilimtangulia mlangoni.
Alisema: yule mwenye taa, anayechechemea,
alinipokonya kitambaa, akakifungua,
akazihesabu shilingi zangu nne,
akanifungia tena, fundo lilelile.
Kisha akasema neno.

"Neno gani?" Kalamu ya Haddow ikangoja.

"Hizi si za serikali, mama."

Alimwigiza vizuri mno.
Ile "mama" akaivuta
kama mtu anayevuta ndoo kisimani,
na mimi namjua mmoja tu avutaye hivyo,
mmoja tu, ambaye wayo wake
niliukata kwa jembe langu
tukipalilia mtama wa bibi, Uyoma,
mwaka wa nzige.

Nje walikuwa wakishusha pamba.
Robota moja likaanguka, mtu akatukana.

"Hakusema kitu," nilitafsiri.

Kalamu ikaandika.
Drusila hakujua Kiingereza, lakini hesabu aliijua:
maneno yake mengi, yangu haba.
Akanitazama kama atazamavyo mizani ya mnunuzi.
Akalipachika kitambaa kifuani, akatoka.

Jioni Haddow alifuta stima kwa kiganja,
injini kwanza, usukani mwisho.
Vifungo vikabaki mezani, vitano, na vumbi la chaki.
Changu nilikiona.
Sikukidai.