Inchi ya Kumi na Mbili

Rula ni ya Mwanaharusi, darasa la tatu,
ya plastiki, imepasuka pembeni.
Kwa mwalimu wake ni sentimita tu;
upande wa inchi umekaa bure,
nami ndio ninaoutaka.

Uani Mburahati, alfajiri, taa ya simu mdomoni.
Trei za mayai bado zimo ndani.
Nafuta mnyororo kwa fulana kuukuu,
nakandamiza pedeli ukaze,
naweka sifuri katikati ya pini,
kisha macho yanakimbilia mwisho.

Mnyororo ukiwa mpya, kumi na mbili hukaa juu ya pini
kama kifuniko na sufuria yake.
Wangu umepita.

"Umerefuka," nilimwambia Zamoyoni, mwaka ule.
Akacheka, mikono myeusi hadi viwikoni.
"Chuma hakirefuki kama umbea.
Pini zimeliwa kwa ndani.
Kila kiungo kimepungua unywele,
na hakuna hata kimoja kilichosema.
Ukipita unene wa sarafu, nunua mnyororo.
Ukipita sarafu mbili, nunua na meno yake."

Mwaka ule sikuwa na rula, nilikuwa na masikio.
Nikisikia kwikwi, naongeza oili,
oili chakavu ya lori, ya bure,
ikashika mchanga wa Jangwani baada ya mafuriko
na kuugeuza msasa.
Nikajisagia mwenyewe, kilomita kwa kilomita,
huku napiga mluzi.

Pale pa kupandia Magomeni,
nimesimama juu ya pedeli, mwili wote mguu wa kulia,
ukaruka jino.
Goti likapiga usukani.
Trei nne: mayai mia na ishirini,
yakapona tisa.
Mama wa chapati akaja mbio na bakuli,
akanipa pole kwanza,
ndipo akachota.

Nikanunua mnyororo, meno nikayaacha.
Yalikuwa yamechongoka, yamelala upande mmoja
kama nyasi zilizopitiwa na maji.
Mnyororo mpya ukayakataa siku hiyo hiyo.
Zamoyoni hakusema nilikwambia.
Alinyoosha kiganja tu, cha hela.

Sasa nachomoa sarafu ya mia mfukoni,
naisimamisha kwa ubavu, kati ya alama na pini.
Inaenea. Haichezi.
Moja.

Kodi ni Ijumaa.
Naweza kusubiri, nasema.
Baiskeli imeegemea ukuta, haina la kusema,
na huko ndiko kunakonitisha.

"Baba, rula!"
Naifuta haraka, nampa, anakimbia,
soksi moja chini.
Mimi nasukuma baiskeli kwa miguu hadi kwa Zamoyoni,
mayai nyuma, mnyororo hauna uzito wowote.

Jioni nafungua daftari lake la hesabu.
Mistari imenyooka, miekundu, mizuri,
na kila mmoja, karibu na mwisho,
una doa jeusi
la dole gumba langu.