Laki Tisa na Nusu

Miaka kumi na tisa nimesimama kando ya mashine,
Pasua, chumba cha mabati, mkanda ukipiga mayowe,
na kilichosagwa hakikuwa mahindi tu.
Daktari wa masikio alinionyesha mstari kwenye karatasi
ukiteremka kama barabara ya kutoka Kibosho.
"Huku mwisho," akasema, "sauti nyembamba, zimeshakwenda.
Zilizobaki zitunze."

Nikazitunza hivi: nikavunja kibubu.

Duka liko Double Road, nyuma ya wauza magodoro.
Kizuri chajiuza; kijana Ombeni hakunipigia domo.
Alifuta vumbi, akachomeka waya, akaenda kunywa chai.
Spika mbili za mbao, kimo cha mtoto wa chekechea,
kitambaa cheusi usoni.
Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Gitaa likaanza, na kabla ya gitaa
nikasikia kidole kikitafuta uzi.
Kidole! Wimbo ninaoujua tangu sijaota ndevu,
na sikujua kwamba una mtu ndani yake.
Aliporudi Ombeni, midomo ina sukari ya andazi,
alinikuta nahesabu noti.

Nyumbani Ndeshiwo alizitazama
kama unavyotazama wageni waliokuja na mabegi.
"Laki tisa na nusu."
Hakuuliza. Alitamka tu, taratibu,
kama anayesoma jina kwenye msalaba.
Kisha akanyoosha kidole juu, pale sebuleni,
palipo na tundu la bati na alama ya kahawia
inayopanuka kila masika.
Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Basi tukaishi wanne.
Asubuhi taarifa ya habari: mtangazaji anageuza karatasi,
anameza mate kabla ya kutaja bei ya kahawa.
Matangazo ya vifo, tulizoea kuyasikia huku tunapiga mswaki;
sasa kila jina linaingia, linakaa kwenye kochi,
na mswaki unasimama mdomoni.
Jirani Kisamo alikuja kusikiliza mpira.
Akanywa chai vikombe vitatu, akaniambia niongeze sauti.
Nikamwambia hapana. Sikununua kelele.
Kelele ninazo kazini, tena nalipwa.
Akacheka, hakuelewa, akarudi Jumapili iliyofuata.

Ndeshiwo alipita tu na ufagio,
akizikwepa kama kuku aliyelala njiani.

Hadi jioni moja ya Januari, jua kali, vumbi hadi kwenye chumvi,
nikaweka kwaya ya usharika wa kwao, kule Machame,
kaseti ya zamani ambayo mpwa wangu alinihamishia kwenye flashi.
Sauti ya kwanza ikapanda, ya pili ikaishika mkono,
besi za wazee zikaja nyuma, nzito, zimevaa makoti.
Nilifumba macho.
Nikasikia viatu vyake vikitoka jikoni haraka,
kitu cha bati kikigonga sakafu.
Nikafumbua.
Ameweka sufuria chini ya tundu.
Amesimama, mikono kiunoni, uso juu,
anasubiri tone la kwanza.

Mvua ilikuwa inanyesha.
Ndani ya kaseti.
Juu ya paa la kanisa lile, miaka thelathini nyuma,
siku waliporekodi, mvua kubwa ya mlimani,
na redio yetu ndogo haikuwahi kutuambia.

Sufuria kavu. Dirishani, jua.
Nilijizuia nisicheke, nikashindwa vibaya.
Yeye hakucheka. Alivuta kigoda,
akakaa katikati ya spika mbili, kanga magotini.
"Siku ile tulirudi tumelowa," akasema.
"Mama alituwashia moto, magauni yote yakanuka moshi."
Sikuwahi kujua kwamba na yeye alikuwa mle, kati ya wale wasichana.
Miaka ishirini na sita ya ndoa.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema.

Machi inakuja. Tundu lipo palepale.
Nimeshauliza bei ya bati, geji ishirini na nane.
Nimenunua kibubu kingine.